Wazo Jema Halitoshi: Fundisho la Sinema za Katuni za Kijapani kwa Mwalimu wa Hadithi na Insha

Utangulizi

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la tano kusikiliza somo la Kiswahili. Mwanachuo aliingia na kikapu kilichofunikwa kwa kanga. Alikiweka mezani, akawauliza wanafunzi, "Mnadhani humu mna nini?" Darasa lote lilifufuka. Huyu akasema maembe, yule akasema kuku, na mmoja akasema nyoka, wote wakacheka. Mwalimu akatabasamu, akajibu, "Tutaona baadaye." Kisha akageukia ubao, akaandika kichwa cha habari, akaanza kusoma hadithi kitabuni, akisimama kila aya kueleza maneno mapya. Kengele ililia hadithi ikiwa katikati. Alipokuwa akikusanya vitu vyake, mtoto mmoja wa dawati la mbele akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, na kikapu?"

Hakujibiwa. Nasi tuliokuwa nyuma tulikuwa tumekwisha kumpa mwanachuo yule alama za juu kwa utangulizi wake. Hatukurudi kuzipunguza. Kwa hiyo kosa la siku ile halikuwa lake peke yake. Lilikuwa letu pia, maana tulimfundisha kwamba kuamsha hamu ya watoto ni jambo lenye malipo yake hata kama hamu hiyo haikutimizwa.

Makala hii yahusu kikapu kisichofunuliwa. Hoja yetu ni kwamba wazo zuri, liwe la hadithi au la somo, si mali bado. Ni ahadi, na kama ahadi zote huwa deni. Kuieleza hoja hiyo tumechagua mifano ya mbali kidogo, yaani sinema za katuni za Kijapani, ziitwazo anime. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wanachuo wengi na watoto wengi wa mijini huzitazama leo katika televisheni na simu za mkononi, na huzizungumza kwa mapenzi na kwa hasira. Pili, katika uwanja huo mtu aweza kuona waziwazi, hata kwa hesabu, mahali ambapo wazo bora liliharibika mikononi mwa mafundi hodari. Tungependa msomaji azingatie tangu mwanzo kwamba mifano miwili ya kwanza si ya kuwaonyesha watoto wa shule ya msingi. Ni ya kumfunza mwalimu.

Mkono uleule, kazi mbili

Mfano wa kwanza ni The Promised Neverland. Ilianza kama hadithi ya picha, iliyoandikwa na Kaiu Shirai na kuchorwa na Posuka Demizu, ikatolewa sura kwa sura katika jarida la Weekly Shōnen Jump kuanzia mwaka 2016 hadi 2020. Jumla ya sura zake ni 181.

Wazo lake lamshika mtu papo hapo. Watoto yatima wanaishi katika nyumba nzuri yenye bustani, wakilelewa na mwanamke wamwitaye Mama. Wanakula vizuri, wanacheza, na kila siku wanafanya mitihani. Usiku mmoja Emma na Norman wanakimbilia lango walilokatazwa, ili wampe mwenzao mdogo mwanasesere wake aliyemsahau akienda kwa wazazi wapya. Huko wanamkuta mwenzao amekufa. Nyumba yao ni shamba, wao ni mifugo, walaji wao ni mazimwi, na Mama ndiye mchungaji.

Msimu wa kwanza wa sinema hiyo ulionyeshwa mwaka 2019 kwa vipindi 12. Ulichukua sura 37 za mwanzo tu. Nyumba ni moja, ukuta ni mmoja, adui ni mmoja, na siku ya mtoto mwingine kupelekwa inakaribia. Watoto wakibuni hila, Mama anaigundua. Akiigundua, wanalazimika kubuni nyingine. Hakuna jambo linalotokea kwa bahati nasibu. Mtazamaji anapofika mwisho, watoto wakiuvuka ukuta, anajua gharama ya kila hatua, na hata huyo Mama anamwonea huruma, kwa sababu ameonyeshwa kwamba naye alikuwa mtoto wa nyumba ya namna hiyo.

Msimu wa pili ulionyeshwa mwaka 2021. Studio ilikuwa ileile, CloverWorks, na mwongozaji alikuwa yuleyule, Mamoru Kanbe. Mwandishi wa hadithi ya asili alikuwa amekwisha kuikamilisha. Kwa hiyo hapakukosekana ufundi wala hapakukosekana wazo. Lakini hebu tufanye hesabu. Sura zilizosalia zilikuwa 144, na msimu ulipewa vipindi 11. Sura 37 zilikuwa zimepata vipindi 12. Sasa karibu mara nne ya mzigo ule ukatakiwa kubebwa na gari dogo zaidi.

Matokeo yake yalikuwa kama ya msafiri anayetupa mizigo njiani. Sehemu nzima ya Goldy Pond, mahali ambapo watoto huwindwa na wakubwa wa mazimwi, na ambapo Emma hujifunza kupigana na kuongoza watu asiowajua, iliachwa. Norman, ambaye watazamaji walimlilia katika msimu wa kwanza wakidhani ameuawa, alirudi mapema mno, kabla pengo lake halijahisiwa. Swali zito kuliko yote, yaani jamii moja ifanyeje ikiwa haiwezi kuishi bila kuila nyingine, lilipatiwa suluhisho la haraka. Na mwishoni kabisa, safari kubwa ya Emma katika nchi ya mazimwi ilionyeshwa kwa picha zisizotembea, moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunua albamu ya familia ya wengine.

Huo ndio muhtasari wa andalio la somo lililopangwa vibaya. Ni nani kati yetu ambaye hajatumia dakika 30 za kipindi cha dakika 40 kwa hatua ya kwanza, kisha akazimaliza hatua tatu zilizobaki huku kengele ikilia? Tofauti ni kwamba watazamaji walilalamika kwa sauti. Watoto wa darasa la tano hawalalamiki. Huacha tu kututazamia jambo.

Ahadi iliyobadilishwa njiani

Mfano wa pili una uzito wa namna nyingine. Wonder Egg Priority ilionyeshwa kuanzia Januari 2021. Haikutoka katika kitabu. Ilibuniwa kwa ajili ya televisheni, na mwandishi wake alikuwa Shinji Nojima. Mhusika wake mkuu, Ai Ohto, ni msichana wa miaka 14 aliyekoma kwenda shule baada ya rafiki yake kufa kwa kuanguka kutoka juu ya jengo la shule. Katika ndoto anapasua mayai, na katika kila yai anatoka msichana aliyejiua. Inampasa Ai kumlinda dhidi ya sura za wale waliomtesa alipokuwa hai. Mmoja wa watesaji hao ni mwalimu wa michezo.

Katika vipindi vya mwanzo hadithi hii inauliza swali ambalo kila mwalimu angepaswa kulisikia: watu wazima tumewafanyia nini watoto hata baadhi yao wakaona hapana mahali pa kukaa? Inauliza kwa upole na kwa ushujaa. Picha zake ni za ufundi wa hali ya juu.

Kisha mambo mawili yalitokea. La kwanza ni la kazi yenyewe: utengenezaji ulichelewa, hata katika wiki ya nane pakaonyeshwa kipindi cha marudio, na hadithi haikumalizika mwezi Machi kama ilivyotakiwa. Mwisho wake ulitolewa Juni 2021 katika kipindi maalumu, na karibu nusu ya kipindi hicho ilikuwa ni kurudia yaliyokwisha kuonyeshwa. La pili ni la fikira: karibu na mwisho analetwa kiumbe wa kutengenezwa, msichana asiye binadamu, ambaye analaumiwa kwa kuwavuta wasichana kwenye kifo. Basi lile swali la mwanzo likahamishwa. Lililokuwa kosa letu sisi watu wazima likawa hila ya kiumbe wa ajabu. Nalo fumbo la kifo cha rafiki, lililombeba mtazamaji kwa vipindi vyote, likapewa maelezo ya haraka.

Hapa hasara si ya sanaa pekee. Msimulizi akigusa jeraha la kweli, amejifunga kulishughulikia kwa ukweli. Kulifunua jeraha kisha kugeukia jambo jingine ni afadhali lisingefunuliwa. Mwalimu anayemwambia mtoto, "Andika juu ya siku uliyohuzunika kuliko zote," kisha akarudisha daftari lenye alama ya vema na neno "Jitahidi", amefanya jambo hilohilo.

Visingizio vitatu

Wapo watakaosema kwamba kosa ni kuiacha njia ya kitabu cha asili. Hatukubali. Hadithi ya Fullmetal Alchemist, ya Hiromu Arakawa, ilifanywa sinema ya televisheni mwaka 2003 wakati kitabu kilikuwa bado kinaandikwa. Watengenezaji walilazimika kubuni njia yao wenyewe na mwisho wao wenyewe, wakaifikisha kazi kwenye kipindi cha 51. Mwaka 2009 ilianza nyingine, iliyofuata kitabu hadi mwisho kwa vipindi 64. Mwisho wa ile ya kwanza haufanani na wa kitabu, hata hivyo zote mbili zina wapenzi wengi hadi leo. Kuacha njia si kosa. Kosa ni kuacha njia bila kujua unakokwenda.

Wengine watasema kosa ni uhaba wa vifaa na fedha. Kisingizio hiki twakijua sana vyuoni. Lakini tarehe 1 Januari 1963, Osamu Tezuka na studio yake walianza kuonyesha Tetsuwan Atomu, hadithi ya mtoto wa chuma aliyetengenezwa na mwanasayansi aliyefiwa na mwanawe. Hawakuwa na fedha wala wachoraji wa kutosha kutoa kipindi cha nusu saa kila wiki. Wakapunguza idadi ya michoro, wakahifadhi michoro ya zamani na kuitumia tena, wakaacha mdomo utembee huku mwili umesimama. Huo mwendo wa katuni ulikuwa wa kugugumia, lakini hadithi ilikwenda, na iliendelea hadi mwisho wa mwaka 1966. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Hatusemi kwamba umaskini wa vifaa ni jambo jema, wala kwamba wafanyakazi wa studio walioelemewa na kazi wastahili lawama. Twasema kwamba Tezuka alipanga kazi yake kwa kipimo cha vifaa alivyokuwa navyo, na hilo ni jambo ambalo mwalimu mwenye chaki mbili aweza kulifanya.

Kisingizio cha tatu ndicho cha hatari zaidi, kwa kuwa hutoka katika vitabu vyetu wenyewe. Ni kile kisemacho kwamba maudhui ndiyo moyo, na fani ni nguo tu. Maadamu hadithi ina fundisho, namna ya kulifikisha si kitu. Mifano yetu miwili yaonyesha kinyume. Wonder Egg Priority ilipobadilisha msuko wake, ilibadilisha pia kile ilichokuwa ikikisema. Fani ilipovunjika, maudhui hayakubaki salama pembeni, yalivunjika nayo.

Hindi moja

Na je, utekelezaji mzuri hufananaje? Tutoe mfano mmoja, na huu waweza kuonyeshwa watoto bila wasiwasi. Mwaka 1988 Hayao Miyazaki alitoa sinema iitwayo Tonari no Totoro. Ukimsimulia mtu wazo lake, atapiga miayo: ndugu wawili wa kike wanahamia shamba na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao, huko wanakutana na mnyama mkubwa wa msituni. Hakuna adui wala vita.

Lakini tazama jinsi hindi moja linavyotembea katika hadithi hiyo. Bibi jirani anawaambia watoto kwamba mboga za shamba lake zaweza kumtia mama yao afya. Kwa hiyo Mei, mtoto mdogo, analishika hindi alilolichuma na kusema ni la mama. Kisha inakuja habari kwamba mama hatarudi nyumbani kama walivyotarajia. Kwa hiyo Mei, akiliamini neno la bibi, anaondoka peke yake na hindi lake kwenda hospitali. Kwa hiyo anapotea. Kwa hiyo dada yake anamtafuta hadi jioni, na hana budi kumwomba Totoro msaada. Na mwishoni, dirishani mwa chumba cha mama linaonekana hindi lenye maneno yaliyochorwa kwenye maganda yake, yakisema kwamba ni la mama.

Hilo hindi halina thamani sokoni. Lina thamani katika hadithi kwa sababu msimulizi hakulisahau. Kila kilichowekwa mkononi mwa mtoto kilifikishwa kilikokuwa kikienda.

Tufanye nini darasani?

Tukifungua daftari za insha za darasa la sita, twakuta mianzo mizuri ajabu: mtoto amemfuata ndege akaingia pangoni, ameokota ufunguo njiani, ameitwa na sauti kisimani. Kisha ukurasa wa pili: "Mara nikashtuka, kumbe ilikuwa ndoto." Au: "Hadithi yangu imeishia hapo." Twaandika "Wazo zuri", twatoa saba kwa kumi, twaendelea na daftari linalofuata. Tumemsifu kwa alichokuwa nacho kabla hajafika shuleni, tukamnyima alichokuja kujifunza. Twapendekeza mambo manne.

(a) Mwisho uanze. Mwalimu asisimulie hadithi, wala asiingie na zana darasani, kabla hajaandika katika andalio lake sentensi moja: hadithi hii, au zana hii, itaishia wapi. Mwanafunzi naye, kabla ya kuandika insha, aseme kwa mdomo jambo litakalotokea mwishoni.

(b) Ahadi zihesabiwe. Baada ya kusoma aya ya kwanza ya hadithi yoyote, watoto waorodheshe ubaoni mambo ambayo sasa wanataka kuyajua. Mwisho wa hadithi warudie orodha: lipi lilijibiwa, lipi lilisahauliwa? Watoto wa darasa la nne huweza zoezi hili, nao hulipenda, maana huwapa haki ya kumdai msimulizi.

(c) "Kwa hiyo" na "lakini" zichukue nafasi ya "halafu". Mtoto achukue insha yake na kupigia mstari kila "halafu". Kisha ajaribu kuweka "kwa hiyo" au "lakini" mahali pake. Pale ambapo haiwezekani, ndipo msuko ulipokatika, na ndipo anapohitaji msaada wa mwalimu.

(d) Insha moja iandikwe mara mbili. Twajua jibu la mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani: atasahihishaje mara mbili? Si lazima. Achague insha moja kwa idhini ya mwenyewe, aandike aya yake ya mwisho ubaoni, na darasa lote liitengeneze. Kisha kila mmoja akatengeneze aya yake ya mwisho, akisomeana na jirani yake wa dawati. Insha moja iliyotengenezwa yafundisha zaidi kuliko mbili zilizotupwa.

Pengine tutaambiwa kwamba taratibu hizi zitambana mtoto na kuua ubunifu wake. Sisi twaona mtoto habanwi kwa kufundishwa kumaliza. Anayebanwa ni yule ambaye kila mara wazo lake hufa ukurasa wa pili, hata akaamini kwamba hana kipaji, kumbe alikosa fundi wa kumwonyesha kazi.

Hitimisho

Methali yasema nyota njema huonekana asubuhi. Ni methali nzuri kwa kumtia moyo mwenye kuanza, lakini si kipimo cha hadithi wala cha somo. Vipindi vya mwanzo vya sinema tulizozitaja viling'aa kama nyota, na ndiyo sababu anguko lao liliumiza. Hakuna anayeikasirikia hadithi mbovu tangu mwanzo, huiacha tu.

Sisi wakufunzi yatupasa tuanze na karatasi zetu za ukaguzi. Alama za utangulizi zisitolewe hadi mwisho wa kipindi, baada ya kuona kama kilichoahidiwa kimetolewa. Nanyi wanachuo mnaojiandaa kwenda mashuleni, msiogope kuwa na mawazo madogo. Chukueni wazo dogo mnaloweza kulibeba kwa dakika 40, mlifikishe. Na kama siku moja mtaingia darasani na kikapu, hakikisheni kwamba kabla ya kengele kila mtoto amekwisha kuona kilichomo, hata kama ni hindi moja.